Kidirisha cha Zamu ya Usiku

Saa nane za usiku, Lublin.
Mlango tuliufunga tangu saa nne;
dawa zinapita kwenye kidirisha
kisichozidi upana wa daftari.
Nje, nyuzi kumi na moja chini ya sifuri.
Pumzi ya mteja hufika kabla ya neno lake.

Na daftari lenyewe hili hapa, kando ya mizani.
Nimelipiga mistari likawa safu tatu.
Gdańsk: uzamili, miaka miwili, wodini,
ubavuni mwa kitanda, daktari akikosea umwambie.
Uppsala: uzamivu, miaka minne, posho kila mwezi,
poda, joto, subira, na chumba kisicho na mgonjwa.
Basel nimeikata kwa wino mwekundu:
ada yake ingemeza nyumba ya mama
na bado ingeomba maji ya kuteremshia.

Nimepima. Kupima ndiyo kazi yangu.
Kodi ya chumba, jina la chuo,
mama na goti lake, ngazi za ghorofa ya nne.
Mizani ya dukani huhisi hata chembe ya vumbi,
lakini hii ya kichwani
huelemea upande nilioamkia.

Jumatatu nilimwandikia Vilhelmiina,
yuko Uppsala, mwaka wa tatu.
Nilimuuliza mashine, machapisho, vyeo vya walimu.
Akajibu kwa pumzi moja:
"Muulize msimamizi wanafunzi wake wa zamani wako wapi,
kisha hesabu sekunde atakazonyamaza."
Nilicheka.
Kisha nikaacha kucheka.

Kengele.
Bwana Zenobiusz, kofia ya manyoya hadi kwenye nyusi,
anataka vidonge vya mkewe wiki nzima kabla ya siku.
Vimeishaje?
"Hawezi kumeza tena. Navisaga
kwa mashine ya kahawa, natia kwenye jemu ya plamu.
Nyingine hubaki mashinani, basi naongeza kimoja.
Asubuhi anapepesuka kama tiara,
jioni anakuwa gogo."

Kidonge kile kimeundwa kiachie dawa polepole,
saa baada ya saa,
kama mwenye haya anavyotoa siri.
Ukikisaga, siri yote imemwagika mezani.
Miezi miwili, kijiko kwa kijiko, kwa mapenzi matupu,
mzee wa watu alimzidishia asubuhi
na kumpunja jioni.

Nilimweleza taratibu. Nilimwandikia daktari wake,
nikaipigia mstari ile sentensi ya pili.
Nilimpitishia chai kidirishani; kikombe kilikwama kidogo.
Hakulia. Aliuliza tu:
"Aliyekiunda, hakujua kuna watu wasiomeza?"
Na baada ya kuuvaa mkono mmoja wa glavu:
"Na wote walionipa, mbona hakuna aliyeniuliza
nampaje?"

Mimi ni mmoja wa hao wote.
Saini yangu imo kwenye daftari la Novemba.

Ameondoka, hatua zake zinalia juu ya theluji.
Swali la kwanza ni la Uppsala.
La pili ni la Gdańsk.
Nani aliyesema swali likija hulileta jibu mgongoni?
Haya yamekuja mawili, na yote yananitazama,
na barua zinataka jibu Ijumaa.

Nachana ukurasa wenye safu. Si kwa hasira;
nyuma yake ni mweupe, na karatasi ni karatasi.
Naandika rasimu kwa kalamu, kisha kwa simu,
kwa msimamizi nisiyewahi kumwona:
Wanafunzi wako wa zamani wako wapi?
Na yupo kati yao aliyewahi kuketi jikoni
na mtu anayesaga kidonge?
Kama hayupo, je, mtanipa ruhusa
nitoke maabara siku moja kwa wiki?

Nasoma mara mbili. Nafuta "tafadhali" ya tatu.
Natuma.

Gari la kukwangua theluji linapita, taa yake ya njano
inageuka juu ya chupa, juu ya mizani, juu ya mikono yangu.
Kidirisha nimekisahau wazi.
Naanza kuhesabu.